Ufuta Ulikwenda, Sabuni Ikarudi

Meli za Marseille zilizotia nanga Zanzibar katikati ya karne ya 19 hazikufuata pembe za ndovu. Pembe zilikuwa na wanunuzi wake, Wamarekani wa Salem na wafanyabiashara wa Kihindi waliozipeleka Bombay. Karafuu nazo zilikuwa na njia zake. Wamarseille walikuja na haja nyingine: walitaka ufuta. Ufuta huu huu tunaounyunyizia mkate na kuupikia kashata, wao waliununua kwa shehena, wakaupakia, wakauzungusha Rasi ya Tumaini Jema mpaka Bahari ya Kati, kwa kuwa Mfereji wa Suez ulikuwa haujachimbwa. Sultani Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Ufaransa mwaka 1844, miaka 11 baada ya ule wa Wamarekani na mitano baada ya ule wa Waingereza. Haukupita muda, nyumba mbili za biashara za Marseille, Rabaud na Vidal, zikawa na watu wao Unguja.

Sehemu kubwa ya ufuta huo haikwenda kuliwa. Ilikwenda kukamuliwa na kupikwa sabuni.

Historia ya sabuni ya mkono inaposimuliwa siku hizi, huanzia kwenye kipande kizuri kilichofungwa kwa ukili, kinachonukia mchaichai, kimewekwa juu ya jani la mgomba ili kipigwe picha. Mimi naona inafaa ianzie kwenye gunia. Kwa zaidi ya miaka 100 pwani yetu ilitoa mafuta na kununua sabuni, na jambo hilo halikutokea kwa sababu watu wake hawakujua kuoga.

Walijua sana. Kulikuwa na dodoki la kusugulia mwili na machicha ya nazi ya kulainishia ngozi. Kulikuwa na makumbi na majivu kwa vyombo vilivyoshika masizi. Kulikuwa na harita, matunda ya mharita, ambayo ukiyasugua majini hutoa povu bila kupikwa wala kuchanganywa na chochote. Bibi harusi alipakwa liwa na kusingwa singo mpaka ngozi ikang'aa. Lililokosekana katika orodha hiyo ni kile kitu kigumu, cheupe au cha kijani, kinachokatwa vipande na kuhifadhiwa kabatini, nacho kilipofika kilikuja na jina lake. Sabuni ni neno la Kiarabu. Waarabu walilipata upande wa Wagiriki na Warumi, na Pliny Mzee, Mrumi wa karne ya 1, aliandika kwamba Wagali walikuwa na *sapo*, mchanganyiko wa shahamu na majivu, wakaipaka nywele ziwe nyekundu. Kuipaka nywele, si kuogea! Warumi wenyewe walijipaka mafuta mwilini na kujikwangua kwa chuma chenye mkunjo. Kuna hadithi inayosema jina lilitoka kwenye mlima Sapo karibu na Roma, ambako shahamu ya kafara ilichuruzika na majivu hadi mtoni, na wanawake wakagundua kwamba nguo zinatakata. Isikilize kama unavyosikiliza ya sungura na fisi. Mlima huo haujulikani ulipo.

Lakini hadithi hiyo ya uongo inabeba kanuni ya kweli. Mafuta peke yake hayaoshi. Maji ya majivu peke yake yanababua. Vikikutana kwa kiasi sahihi, kila kimoja kinapoteza ukali wake na kinazaliwa kitu cha tatu ambacho si mafuta wala majivu. Aliyeeleza kwa nini ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, katika kitabu alichokitoa mwaka 1823: mafuta ni asidi zilizoshikana na gliserini, na magadi makali huzichomoa asidi hizo na kushikana nazo, gliserini ikabaki huru. Kinachopatikana kina ncha mbili, moja inapenda mafuta na nyingine inapenda maji. Ya kwanza hung'ata uchafu wa kola ya shati, ya pili huuvuta uende na maji. Chevreul aliishi miaka 102, muda wa kutosha kuona viwanda vikitajirika kwa elimu yake.

Majivu nayo hayafanani. Ukichuja maji kwenye majivu ya kuni za bara, unapata potashi, na potashi hutoa sabuni laini, ya kuchotwa kwa kijiko. Sabuni ya kukatwa kwa kisu inataka soda, na soda ya zamani ilitoka kwenye mimea iliyokulia chumvini. Huko Syria na Palestina walichoma mimea ya nyika za chumvi, wakachanganya majivu yake na mafuta ya zeituni. Halab, au Aleppo kama inavyoandikwa kwenye ramani, waliongeza mafuta ya tunda la *ghar*, mti wa ukoo mmoja na mdalasini wetu. Nablus walibaki na zeituni tupu: sabuni inamwagwa sakafuni ikiwa ya moto, inakatwa, inapigwa muhuri, kisha vipande vinapangwa kuwa minara yenye uwazi katikati ili upepo upite. Kazi za miji hiyo miwili ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2024.

Uskoti walichoma mwani. Hili liweke akilini, maana tutalirudia. Katika visiwa vya Orkney na Hebrides, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, familia nzima zilishinda ufukweni zikikusanya mwani, zikiukausha na kuuchoma mashimoni. Majivu yaliyoganda yakauzwa kwa watengenezaji wa sabuni na vioo. Wenye ardhi walitajirika. Waliochoma walibaki na macho mekundu kwa moshi. Soda ya bei nafuu ilipopatikana, kazi ikafa, na wengi wakapanda meli kwenda Marekani na Kanada.

Soda hiyo mpya ilikuwa ya Nicolas Leblanc, daktari wa Kifaransa aliyepata hataza mwaka 1791 kwa namna ya kuipata kutoka kwenye chumvi ya kawaida. Mapinduzi ya Ufaransa yalimnyang'anya kiwanda chake, na aliporudishiwa hakuwa na mtaji wa kukiendesha. Alijipiga risasi mwaka 1806. Ugunduzi wake ukaibadilisha Marseille, na kwa mkono wa mbali ukaibadilisha Malindi.

Marseille ilikuwa na sheria yake. Amri ya mfalme Louis XIV ya mwaka 1688 ilitaka sabuni ipikwe kwa mafuta ya zeituni peke yake, bila shahamu ya mnyama, na tanuri zizimwe miezi ya Juni, Julai na Agosti, kwa sababu joto la kiangazi liliharibu sabuni. Amri hii huitwa ya Colbert, ingawa waziri Colbert alikuwa amekwisha kufa tangu 1683. Mwanawe ndiye aliyekuwa ofisini. Kwa muda mrefu kilichowapa wapishi taabu kilikuwa soda, iliyoagizwa kutoka Hispania na kwingineko kwa bei ya kuumiza. Leblanc alipoifanya soda iwe rahisi, tatizo likahamia upande wa pili wa sufuria. Soda tele, mafuta haba. Zeituni huzaa kwa msimu, baridi ikipiga huungua, na walaji nao wanaitaka. Ndipo wapishi wakaanza kutafuta mafuta popote jua lilipo kali: karanga za Senegal, mawese ya Afrika Magharibi, ufuta wa Misri na Sham, na baadaye ufuta na mbata za kwetu. Sabuni ikabaki na jina la Marseille na muhuri wake wa asilimia 72, lakini ndani yake zeituni ilikuwa imepata wenza wengi.

Tuurudie ufuta wa kwetu. Pwani yenyewe ilikuwa na vinu vya kukamulia, kinu kikubwa cha mti kilichozungushwa na ngamia aliyefungwa macho, akitembea siku nzima asifike popote. Mafuta hayo yaliliwa na kuuzwa. Lakini Wamarseille hawakutaka mafuta, walitaka mbegu, ili wakamue wao, na mashudu wayatumie wao. Kazi yote yenye faida ilifanywa upande wa pili wa bahari.

Na mbegu zililimwa na nani? Malindi, mji uliokuwa gofu, ulifufuliwa katika miaka ya 1860, na mashamba yake yakajaa mtama na ufuta. Walimaji walikuwa watumwa. Soko la utumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe Unguja na Pemba ukapigwa marufuku mwaka 1897. Katikati ya miaka hiyo na kabla yake, aliyepalilia ufuta ule hakulipwa kitu. Sijaona kipande cha sabuni ya kale kilichohifadhiwa kwenye makumbusho chenye maelezo hayo pembeni.

Kulikuwa na mzunguko mwingine ulio wa ajabu zaidi, na mara nyingi husahauliwa. Wafanyabiashara wa Hamburg, Hertz kwanza, kisha nyumba ya O'Swald, walinunua kauri katika pwani yetu. Simbi hizi za ufukweni, ambazo watoto wetu wanachezea, Afrika Magharibi zilikuwa fedha. Meli ilizipeleka huko, yakanunuliwa mawese kwazo, mawese yakapelekwa Ulaya kuwa sabuni na mishumaa. Kwa hiyo hata pale ambapo pwani haikutoa mafuta, ilitoa sarafu ya kununulia mafuta ya wengine.

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa minazi na mikarafuu kwa maelfu. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu jina la karafuu likahamia kwake. Minazi ilipandwa tena, kwa sababu dunia ilikuwa imekwisha kuionja mbata. Mafuta ya nazi yana sifa ambayo ufuta hauna: karibu nusu ya asidi zake ni za aina moja, asidi ya lauriki, inayotoa sabuni ngumu, nyeupe, yenye povu la haraka hata kwenye maji ya chumvi. Mabaharia waliithamini kwa hilo. Sabuni nyingine, ukiitia maji ya bahari, inakatika kama maziwa yaliyochacha.

Sitakaa sana kwa William Lever, habari zake zimeandikwa vya kutosha. Alianza kuuza Sunlight mwaka 1884, akajenga mji wa wafanyakazi, Port Sunlight, kuanzia 1888, na mwaka 1911 akapata kutoka kwa serikali ya Ubelgiji eneo kubwa la michikichi huko Kongo. Kituo chake kikuu kiliitwa Leverville. Leo ni Lusanga. Port Sunlight ilikuwa na bustani na jumba la sanaa. Huku Leverville watu walipelekwa kukwea michikichi kwa amri na kwa kodi, na Wapende wa eneo hilo walipoasi mwaka 1931, mamia waliuawa. Sabuni ilikuwa moja.

Mwaka huo huo wa 1911 ndipo ilipoundwa kampuni ya kuchimba magadi katika Ziwa Magadi, Kenya, na reli ikachepushwa kutoka Konza hadi ziwani. Hapa mtu anaweza kushangaa. Magadi tunayotia kwenye maharage yaive upesi ni soda ile ile aliyoihangaikia Leblanc, imelala chini ya jua, haihitaji hataza ya mtu. Ukiyachemsha na chokaa unapata kostiki, nguvu yote ya sabuni ngumu. Afrika Mashariki ilikuwa na nazi, ufuta, pamba, mawese na magadi, yaani kila kitu kinachoingia kwenye sufuria, na bado mwanamke wa Kilwa alinunua Sunlight dukani.

Viwanda vilikuja, polepole. Wafanyabiashara wa Kihindi walikamua nazi na mbegu za pamba, wakapika sabuni ya mche, ile ndefu inayokatwa kwa waya mbele ya mteja. Kakira, Uganda, Madhvani aliweka sukari, mafuta na sabuni mahali pamoja. Kisha Idi Amin akawafukuza Waasia mwaka 1972, na sabuni ikajiunga na sukari na chumvi katika kundi la vitu ambavyo mtu alivipata kwa kujuana.

Tanzania ilifika huko kwa njia yake. Baada ya vita vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, viwanda vikakosa malighafi na vipuri, na maduka yakabaki na rafu. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawahitaji kukumbushwa foleni za RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, na duka la ushirika. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipowaandama waliotajwa kuwa wahujumu uchumi, sabuni ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyofichuliwa majumbani. Watu walifua kwa majani ya mpapai, yaliyopondwa na kusuguliwa kwenye nguo mpaka yatoe povu la kijani. Nguo ilitakata, kwa kiasi, na ikabaki na harufu yake. Kigoma walikuwa na nafuu: palipo mawese na mise, sabuni haikosi mpishi. Wengine walijifunza upya kuchuja maji ya majivu, kazi ambayo bibi zao waliifanya kwa ajili ya mboga, wakayapika na mafuta yoyote yaliyopatikana, wakapata kitu cheusi, chenye kuteleza, kinachokausha mikono. Miaka ya 1984 na 1985 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, sabuni za nje zikamwagika, na hiyo nyeusi ikasahauliwa kwa furaha kubwa. Siwalaumu. Sabuni ya shida haina mpenzi shida ikiondoka.

Kwa hiyo sabuni ya mkono tunayoiona leo Zanzibar haikutokana na miaka ile ya dhiki. Ilitokana na mwani.

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, baada ya miaka ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuanzisha katika miaka ya 1970. Paje na Jambiani vilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Wanaume walijaribu, wengi wakaachana nao. Pesa ilikuwa kidogo na mgongo uliuma. Wanawake wakaushika. Maji yakitoka wakati wa bamvua, wanashuka na kamba, vigingi na tai-tai za kufungia miche, wanafanya kazi wameinama mpaka maji yarudi. Baada ya siku kama 45 wanavuna, wanaanika, wanauza. Wamejenga nyumba kwa fedha hiyo, wamesomesha watoto, na katika vijiji ambavyo mwanamke hakuwa na shilingi yake mwenyewe, hilo halikuwa jambo dogo. Wakulima wamepita 20,000.

Mwani mkavu unakwenda wapi? Unapakiwa kwenye magunia, unapelekwa ng'ambo, unatolewa karajinani ya kugandishia dawa ya meno, aiskrimu na losheni. Msomaji atakuwa amelitambua gunia hili.

Kulikuwa na aina mbili: kotoni, yenye bei nzuri, na spinosamu, yenye bei ya kusikitisha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotoni ikaanza kufa. Maji ya pwani yalipata joto kupita nyuzi 30, matawi yakawa meupe, yakakatika, ugonjwa ukaenea shamba hadi shamba. Wakulima wengi wa Unguja wakabakiwa na spinosamu, ambayo kwa miaka mingi iliuzwa kwa mamia machache ya shilingi kwa kilo iliyokauka. Ndipo mwaka 2006 Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, akaanzisha mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara, na swali likawa jepesi: kwa nini mwani usisagwe hapa hapa? Kidoti, kaskazini mwa Unguja, kikundi cha wanawake kikaanza kutengeneza sabuni. Paje nako wakafanya.

Kazi yenyewe inahitaji mizani kuliko nguvu. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inamezwa yote na gramu 183 za kostiki. Ukitia zaidi ya hapo, sabuni itachoma ngozi. Kwa hiyo mtengenezaji hupunguza kidogo, atie kama gramu 174, mafuta machache yabaki huru. Ikiwa sabuni ni ya nazi tupu na ni ya kuogea, wapo wanaoshuka mpaka karibu na 146, kwa maana nazi husafisha mpaka inaparuza. Ufuta, zeituni na mawese kila kimoja kina kipimo chake, na anayetumia kipimo cha mwenzake ataharibu sufuria nzima. Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, nje penye upepo, mkono ukiwa na glavu. Usimimine maji juu ya kostiki: hurukia usoni. Mchanganyiko huchemka wenyewe bila moto. Sufuria ya alumini haifai kabisa, italika huku ukiitazama. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu.

Vikipoa vyote viwili, mafuta na maji ya kostiki, vinaunganishwa na kukorogwa mpaka mwiko uache njia yake juu, kama uji mzito. Hapo ndipo unga wa mwani unapoingia, uliosagwa laini na kuchekechwa, vijiko viwili au vitatu. Mchaichai, mdalasini, langilangi, kila kikundi na mkono wake. Karafuu ina kiburi: mafuta yake huikimbiza sabuni, ikakaza ndani ya ndoo kabla hujaimimina kwenye kalibu, na ikizidi inawasha ngozi. Wengi hujifunza hilo kwa kuvunja ndoo moja. Kisha kisanduku cha mbao, kanga kuukuu juu yake ili joto lisitoke, na kesho yake kisu.

Nimesema mwani tuutilie maanani tulipokuwa Uskoti. Kule waliuchoma ili wapate soda, na sabuni yao haikuwa na dalili yoyote ya bahari. Hapa soda imekwisha kupatikana dukani, na mwani unatiwa mzima ili uonekane, uguswe, ulainishe. Kwa mwanakemia, mwani wa Kidoti si wa lazima; sabuni ingekuwa sabuni bila huo. Kwa mkulima ndio sababu nzima ya sabuni hiyo kuwepo, kwa kuwa kijiko anachokitia kwenye sabuni kinamletea zaidi ya kile angekipata kwa kukiuza katika gunia.

Yapo ya kulalamikia. Kibandiko kinachosema sabuni haina kemikali kinamdanganya mnunuzi. Hakuna sabuni ya kweli iliyowahi kutengenezwa bila soda au potashi, tangu Wagali na nywele zao. Hiyo kostiki kwa kawaida imekuja kwa meli, huku magadi yakiwa yamelala Kenya na Ziwa Natron. Bei nayo imepangwa kwa mfuko wa mtalii, na jirani wa mtengenezaji anaendelea kufua kwa sabuni ya unga ya pakiti ya rangi. Sipendi pia yale maneno ya kumponya mtu ukurutu, chunusi na uzee kwa kipande kimoja. Sabuni huosha. Ikiosha bila kukuparuza, imemaliza kazi yake.

Ila sufuria iko hapa. Nazi inakamuliwa hapa, mwani unasagwa hapa, na anayekata vipande ndiye aliyekuwa ameinama majini wiki sita zilizopita.

Basi ukipita Kidoti au Paje ukanunua kipande, muulize muuzaji kilikatwa lini. Sabuni ya namna hii huachwa kwenye hewa wiki nne hadi sita, maji yatoke na ukali uishe. Ikiwa haijatimiza, usiiogee bado. Iweke dirishani, mbali na jua, na uhesabu siku.